Swali la Tatu

Chuo cha Walimu
11 Aprili 1948

Mama Damari, mke wangu,

Hujambo wewe, hajambo mtoto, na mama mpelekee shikamoo yangu. Mimi mzima, ila nina hamu ya mlenda. Hapa wanatupa maharage mpaka tunaota maharage.

Nina habari ya furaha. Chuo kimeletewa sanduku la vitabu vya rejea, vinene, vya Kiingereza, vinavyoeleza jinsi akili ya mtoto inavyokua na jinsi mtu anavyojifunza kuishi na wenzake. Vimefungiwa kabatini na havitoki chumbani. Unakwenda, unaketi, unanakili. Mwalimu wetu wa Kizungu, tunayemwita Bwana Polepole kwa kuwa ndilo neno lake la kila saa, ametaka kila mmoja wetu achague mtoto mmoja na kumwandika katika daftari mpaka Oktoba. Daftari hilo ni nusu ya mtihani wa mwisho. Wenzangu wanawafuata watoto wa wapishi, wanawahonga sukari guru ili watulie. Nimewacheka. Mimi nina wangu.

Lakini sijamwona tangu Januari ya mwaka jana, na Krismasi walitubakiza huku kufundisha. Kwa hiyo niazime macho yako. La kwanza, akimwona mgeni anafanyaje? La pili, ukimwita kwa jina lake anageuka? La tatu, anatembea? La nne, anasema maneno gani? Kitabu kinasema mtoto wa miezi ishirini kama wetu hutembea bila kushikwa na huomba maji kwa kinywa chake. Damari najua amewapita wa kitabuni.

Usiniandikie "sote wazima" kama kawaida yako. Barua zako za mwaka huu mzima ni fupi kama za karani. Andika unachokiona.

Mumeo,
Zefania


Kiomboi
2 Mei 1948

Baba Damari,

Nakusalimu sana. Barua yako dereva Mughwai aliileta na lori la chumvi, nikaisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Mama anasema marahaba na kwamba mlenda unakungoja.

Umesema niandike ninachokiona. Basi nimemweka mtoto mkekani mbele yangu, naandika huku namtazama.

La kwanza. Akimwona mgeni humkodolea macho, halafu hujificha kifuani kwangu. Mama akimchekea naye hucheka, ufizi mtupu na meno mawili ya chini.

La pili. Nimemwita Damari. Hageuki. Nikapiga sufuria kwa mwiko, akageuka upesi. Masikio mazima.

La tatu. Anakaa. Nikimwekea nguo nyuma anakaa muda mzuri tu. Nikiitoa anaanguka ubavu, anacheka.

La nne. Anasema ba-ba-ba. Naona kama anakuita wewe.

Nampenda sana. Uandike na hilo kwenye daftari kama lina mahali pake.

Mkeo,
Lea


Chuo cha Walimu
20 Mei 1948

Mama Damari,

Nilipoisoma barua yako nilidhani umekosea bahasha. Nimeisoma tena. Mwandiko ni wako.

Lea, mtoto ana miezi ishirini na moja! Nilipomwacha alikuwa na mitano. Alinishika kidole, alikaa akiegemezwa, alisema ba-ba-ba. Wewe unaniandikia mtoto yule yule niliyemwacha mlangoni. Mwaka mmoja na zaidi umepita. Umekwenda wapi mwaka huo?

Na hageuki akiitwa jina lake. Kitabu kinasema la jina huja kabla hajatimiza mwaka. Nimepima majibu yako kwenye jedwali la kitabu mara tatu kwa rula, nikidhani mistari imepinda. Haikupinda. Anselm, huyu Mgogo wa Manyoni ninayelala naye chumba kimoja, kwanza alicheka, "Mwanao amekwama kama treni ya Itigi." Aliponitazama usoni akatoka nje akaniacha peke yangu.

Kwa nini hamkuniambia? Aliugua? Alianguka? Na kwenye swali la tatu karatasi imetoboka. Uliandika nini pale, ukafuta?

Nijibu kwa lori linalorudi.

Zefania


Kiomboi
6 Juni 1948

Dada Dorkas, shikamoo.

Naandikia huku shambani, nimejificha katikati ya mtama, mama mkwe amebaki nyumbani na mtoto. Karatasi ikiwa na udongo unisamehe.

Dada, nimejitia shimoni. Wewe ulinishika siku tuliyomzika Damari, kwako sina la kuficha. Unajua ilivyokuwa Machi ile, surua imempanda, mto umejaa, tumekaa ukingoni tangu asubuhi tukingoja maji yapungue tumfikishe hospitali, naye akanimalizikia mgongoni. Unajua na aliyoyasema mama mkwe Yunisi mbele ya wanawake wote, kwamba surua ni kisingizio tu, mtoto amebemendwa, kwa kuwa nilikuwa nimeshika mimba naye bado ananyonya. Miezi miwili ile mimba, dada. Mwenyewe nilikuwa sijaijua vizuri.

Ndipo wazee wakakata shauri Zefania asiandikiwe. Asiandikiwe kifo, asiandikiwe mimba. Walimkumbuka shemeji Filipo, alivyopelekewa habari ya msiba wa baba yao akiwa mgodini Sekenke, akatupa sululu, akapanda mlima kwa miguu akilia, na kazi hakupata tena mpaka leo. Mama akasema, "Huyu mmoja amalize chuo, ndipo alie."

Nilitii. Mwaka mzima naandika sote wazima. Mama anaketi pembeni anaulinda mkono wangu na kusoma hajui.

Sasa Zefania ameniuliza Damari anatembea? Nikaandika, anatembea. Niliandika kabisa, dada. Halafu nikaiona ile miguu, tulivyoifunga pamoja kwa kipande cha kanga yangu. Nikafuta kwa mate mpaka karatasi ikatoboka. Nikamwandika huyu mdogo, huyu wa Oktoba, maana ndiye aliyekuwa mkekani. Sikuweza kumsimamisha marehemu nimtembeze.

Kumbe nimefanya baya zaidi. Kitabu chake kimemwambia mtoto amedumaa akili. Mtoto huyu anayekamata inzi kwa mkono! Nimeisoma barua yake nikakaa chini pale pale njiani, watu wakadhani nimeumwa na nyoka.

Na jina bado hana. Miezi minane! Mama anataka abatizwe Damari, ili Zefania akirudi akute Damari mmoja. Nikamwambia, mama, mchungaji ana daftari lake, Damari ameandikwa mle alipobatizwa na alipozikwa. Akanijibu, "Basi angoje." Nami namwita "we". Namwita "mama". Mtoto wa watu nimemfanya kama kifaranga.

Nifanyeje?

Mdogo wako,
Lea


Ulemo
10 Juni 1948

Lea mdogo wangu, marahaba.

Mkono wangu umezoea jembe, usicheke herufi.

Kwanza kabisa, huyo Mzungu wa kitabu amezaa wangapi? Nauliza tu.

Habari ya kubemenda, mimi nimezaa sita. Wa tatu na wa nne wamefuatana hata sikupata nafasi ya kupumua, na hao ndio wanaonimalizia ugali. Surua ile ilichukua watoto tisa hapa Ulemo. Mama zao wote walibemenda? Hata mjane Klara, ambaye mumewe alikuwa kaburini mwaka mzima? Muulize mama mkwe wako swali hilo, halafu kimbia.

Wazee walikuambia umfiche marehemu. Hakuna aliyekuambia umfiche aliye hai. Damari yuko ardhini na jina lake, huyu yuko juu ya ardhi hana. Kosa lake nini?

Mwandikie mumeo. Akiacha chuo, na aache kwa jambo la kweli, asiache kwa jedwali. Akikufukuza njoo kwangu, ila ujue hapa utalima.

Mbusu huyo asiye na jina.

Dorkas


Chuo cha Walimu
13 Juni 1948

Mama Damari,

Sijapata jibu. Labda barua zimepishana njiani.

Nimemwonyesha Bwana Polepole daftari. Alisoma, akavua miwani. Anasema wapo watoto ambao akili hutangulia vizuri kisha husimama, na hawaendelei tena. Ameniomba anakili kurasa zangu aziweke pamoja na utafiti wake. Atawaandikia madaktari, Damari apelekwe akatazamwe na kupimwa kichwa. Ameuliza pia kama upande wa mama kuna mtu wa namna hiyo. Nikakumbuka mjomba wako, yule asiyesema na watu. Nimemwandika. Imenibidi niulize, Lea, usiudhike. Ni wa kuzaliwa hivyo?

Mimi siwezi kusimama mbele ya watoto wa watu niwafundishe, na wangu yuko namna hiyo. Nimeandika barua ya kuacha chuo. Iko chini ya mto wangu. Julai ikiisha bila neno lako la kueleweka, naikabidhi kwa mkuu na ninapanda treni.

Zefania


Kiomboi
27 Juni 1948

Baba Damari,

Kama umesimama, kaa. Kama Anselm yuko karibu, mwambie asiondoke.

Mtoto ninayekuandikia si Damari.

Damari alifariki mwaka jana, tarehe kumi na tisa Machi, kwa surua, mgongoni kwangu, tukingoja mto. Amelala nyuma ya nyumba, karibu na baba yako. Mwinjilisti Simeoni alimwombea. Alikuwa na miezi saba na juma moja, na alikuwa amekwisha kujua jina lake. Akiitwa aligeuka kichwa kizima. Nakuandikia hilo kwa kuwa uliuliza, na hilo ni jibu lake, si la huyu.

Huyu ni mdogo wake. Ulipoondoka Januari uliniacha naye tumboni bila sisi kujua. Alizaliwa tarehe nne Oktoba, asubuhi, wanawake wakipeta uwele uani. Nilipokujibu Mei alikuwa na miezi saba tu. Mpime kwa miezi saba. Nakusihi, chukua rula yako tena umpime.

Kwa nini nilikuficha. Niliambiwa nifiche, nikaficha. Lakini sitaki kuwatupia wazee mzigo wote, maana mkono ulioandika ni wangu. Niliona haya pia. Ilisemwa msibani kwamba tumembemenda, kwamba huyu wa tumboni ndiye aliyemwua mwenzake, na mimi ndiye niliyempa nafasi. Nimelala na neno hilo mwaka na zaidi. Kila nilipomnyonyesha huyu nilikuwa kama nampa cha mwingine. Nikasema nikikuandikia, nawe utasema hivyo hivyo, na kutoka kwako sitaweza kulibeba.

Mjomba wangu alipigwa radi akichunga ng'ombe. Hakuzaliwa vile. Mfute kwenye daftari.

Barua ya kuacha chuo usiitoe kwa ajili ya huyu mtoto. Huyu ni mzima, ana njaa, ana kiburi. Ukitaka kuondoka chuoni kwa ajili ya Damari, sitakuzuia, ni mwanao. Lakini yeye hangojei tena. Anayengoja ni huyu.

Mama hajui kama nimeandika.

Lea


Kiomboi
1 Agosti 1948

Baba Damari,

Lori limekuja mara nne halina kitu changu. Mughwai sasa ananionea huruma, anapunga mkono kabla sijauliza.

Julai imekwisha. Kila mtu anayetokea barabara ya Singida namwona ni wewe. Jana nilimkimbilia mtu, kumbe ni muuza asali. Nikanunua asali kwa aibu.

Nimemwambia mama kila nilichokuandikia. Hakunipiga. Hajanisemesha tangu Jumatatu.

Mtoto anatambaa. Sijui kama bado unataka kujua.

Lea


Chuo cha Walimu
12 Agosti 1948

Lea,

Leo Damari angetimiza miaka miwili. Nimengoja siku hii ndiyo niandike, maana kabla ya leo kila nilichoandika kilikuwa hakifai kupelekwa kwa mtu.

Mlimzika mwanangu, mkaniandikia sote wazima. Nimeisoma sentensi hiyo katika barua zako zote za mwaka jana, nimezipanga kitandani. Ya tarehe ishirini na tano Machi ipo. Siku sita! Sote wazima, mvua ni nzuri. Nilimsomea Anselm ile habari ya mvua, tukafurahi.

Barua yako ilinikuta chumba cha vitabu. Nilisimama nikatoka, nikaenda mpaka relini, nikarudi. Watu wananiambia walinisalimu. Nilikaa kimya majuma yote haya kwa kuwa nilikuwa na matusi tu, na mengine yalikuwa ya mama yangu mzazi. Hasira ninayo bado, siifichi, tumeficha ya kutosha nyumba hii. Nikija Desemba, nipelekeni kaburini kwanza, kabla ya kunipa kiti na maji.

Lakini kuna neno moja ambalo sitaki lingoje Desemba. Nimelitafuta la kubemenda. Nyuma ya kila kitabu kuna orodha ya mambo yote yaliyomo, herufi kwa herufi, nimeipitia katika vitabu vyote kumi na vinne. Surua ipo. Ina kurasa na hesabu ya waliokufa, na wengi ni Wazungu wadogo, waliokuwa wakinyonya peke yao. La mtoto wa tumboni kumwua aliye kwenye ziwa sikuliona. Nikamwuliza Bwana Polepole, akaniuliza neno hilo maana yake mara mbili, kisha akasema surua haiulizi mama ana mimba au hana. Sisemi vitabu vinajua kila kitu. Hivyo hivyo ndivyo vilivyonifanya nimwite mtoto mzima mgonjwa, tena nikamtia na mjomba wako. Nisamehe hilo. Nimemfuta, na nimemwomba Bwana Polepole arudishe kurasa alizonakili. Alizirudisha mwenyewe mkononi, amekuwa mwekundu kama udongo wa kichuguu. Lakini wewe, Lea, hukumwua mtu. Nalisema mimi, baba yake. Na kwa mimba ile tulikuwa wawili.

Bwana Polepole aliniruhusu nianze daftari jipya na mtoto wa mpishi. Nimekataa. Ukurasa wa Damari nimeandika: miezi saba na juma moja, aligeuka alipoitwa. Nikapiga mstari. Halafu nikafungua ukurasa unaofuata, nikachukua rula, nikaipima upya barua yako ya Mei kwa miezi saba. Lea, nilipiga kelele chumbani. Kila jibu lilikuwa kwenye mstari wake. Alikuwa mzima tangu siku ya kwanza, na mimi nilikuwa namlilia.

Barua ya kuacha chuo nimeichana. Juu ya ukurasa mpya, penye jina, nimeacha wazi. Sikumwona akizaliwa, sina haki ya kumchagulia. Lijaze wewe. Maswali ni yale yale manne.

Karatasi ya pili ni ya mama. Msomee yote, usiruke.

Zefania


Kiomboi
5 Septemba 1948

Baba wa watoto wangu,

Nilimsomea mama karatasi yake uani, akibangua karanga. Sikuruka, hata pale pagumu. Alibangua mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Ana hasira na wewe?"

"Anayo, mama."

"Na mimi?"

"Na wewe."

Akauliza, "Vitabu vingapi amesema?"

"Kumi na vinne."

"Na vyote vinasema surua?"

"Surua, mama."

Akapuliza maganda, akatazama kule nyuma ya nyumba. Akasema, "Nilitaka tu asirudi kama Filipo." Halafu akaniita Lea mwanangu, ambavyo hajaniita tangu msiba. Nikalia kwenye karanga. Akanikemea, eti nazitia chumvi mapema.

Jumapili iliyopita tumembatiza. Dorkas alikuja kutoka Ulemo kwa miguu, amebeba kuku, akaimba kuliko kwaya. Mchungaji aliuliza jina, mama akanitazama, nami nikalitaja mwenyewe. Esta. Nilimchagua yule wa katika Biblia, aliyekaa kimya nyumbani mwa mfalme bila kusema yeye ni nani, mpaka ikafika siku ya kusema. Liandike penye nafasi uliyoiacha.

Sasa majibu. Ana miezi kumi na moja, usikosee.

La kwanza. Wageni hawaogopi tena. Mughwai amemwachia ndevu mikononi.

La pili. Nikiita Esta anageuka. Siku ya kwanza nilimwita mara nne, ya tano akageuka kama mtu aliyekuwa akingoja aitwe. Nimemwita mchana kutwa mpaka mama akasema nitalimaliza jina.

La nne. Anasema mama, na maji, na neno moja la Kinyiramba ambalo bibi yake amemfundisha kwa ajili ya mbuzi. Sitaliandika kwenye daftari la chuo.

La tatu nimeliacha mwisho. Jana mama alikaa penye kizingiti, amemshika kwapani, mimi nimechuchumaa uani kama hatua tatu hivi. Mama akasema, "Nenda kwa mama yako," akamwachia. Nilitaka kumkimbilia, mama akanizuia kwa jicho.

Hatua mbili. Ya tatu aliniangukia mikononi.

Andika hivyo, sijafuta kitu. Desemba njia ya kaburini itakuwa imefyekwa, na sisi watatu tutakupeleka.

Mkeo,
Mama Damari na Esta